Homa kwa mtoto mwenye kansa ya damu: kwa nini antibiotiki kabla ya majibu ya labo?

#1 Mjomba wa Kadutu

Jambo kwenu nyote.

Mtoto wa dada yangu ana leukemia ile kali ya limfoblasti, yuko kwenye matibabu hapa Bukavu. Kila akimaliza duru ya shimio, yaani dawa za kuua kansa, wiki moja na zaidi kidogo ikipita, homa inapanda. Hospitali wanafanya jambo lile lile: wanachota damu ya kuotesha labo ili waone kama ina bakteria, halafu hawangoji chochote, wanamfungia seromu na antibiotiki mbili za mshipa. Siku chache mbele majibu yanatoka: damu haikuota kitu. Duru inayofuata, hivyo hivyo. Familia inalipa, mtoto anachomwa, karatasi inarudi tupu.

Mtaani kwetu mtoto akichemka anapimwa malaria kwanza, dawa inafuata majibu. Kwa nini kwa huyu dawa inatangulia? Na kama bakteria haonekani, hiyo homa inatoka wapi? Sibishani na madaktari. Nataka nielewe ili nimweleze dada, maana ameanza kusema mara ijayo atangoja mpaka asubuhi.

#2 Muuguzi wa Bagira

Papa, mwambie dada yako asingoje asubuhi. Hilo kwanza, mengine tutaeleza polepole.

Shimio inaua chembe za kansa, lakini inalaza na uboho wa mifupa, kule damu inakotengenezwa. Kwa dawa nyingi, kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi chembe nyeupe zinafika chini kabisa. Miongoni mwake kuna nyutrofili, ndizo zinazomeza bakteria. Zikishuka chini ya 500 kwa kila mikrolita ya damu, bakteria wa tumboni mwake mwenyewe, ambaye siku zote alikaa humo bila kumdhuru, anaweza kupenya na kuingia kwenye damu. Presha inaanguka ndani ya saa chache. Nimemwona mtoto anacheza na simu ya mama yake saa mbili usiku, saa nane haongei tena.

Familia nyingi hazijaelezwa jambo hili: mtoto huyo hatoi usaha, kidonda chake hakiwi chekundu sana, hata picha ya kifua inaweza kutoka safi na kumbe ana nimonia. Dalili zile zinaletwa na chembe zile zile ambazo hana. Inabaki homa peke yake. Kwa hiyo 38 yake si 38 ya mtoto wa jirani.

#3 Mama Ansima

Jambo yenu. Mi ni mama ya mutoto mwenye alipona ile kansa ya damu, sasa anasoma.

Siku moja homa ilimupanda usiku, mvua inanyesha, motari hata moja haionekane, na risasi zilikuwa zinasikilika ngambo ingine. Bwana yangu akasema tumupe parasetamoli, tutaenda kesho. Nilikatala. Tulimubeba ku mugongo mpaka kufika. Kufika pale, termometa inaonyesha 38 na kidogo tu, mutoto anacheka na sisi. Wakamuwekea dawa mbio mbio. Haikupita saa mingi, mikono ikakuwa baridi sawa maji ya mutoni, akaanza kutetemeka kitanda yote inatikisika. Ile damu yake iliota. Walisema ni bakteria moja inaitwa Klebsiella.

Mjomba, usiseme majibu ni tupu siku zote. Ya kwetu haikukuwa tupu, na kama tungengoya kesho, sisi hatungekuwa na mutoto.

#4 Mwalimu wa Essence

Mama Ansima, Mungu ashukuriwe kwa mtoto.

Lakini kuna upande wa pili na lazima mtu auseme. Hapa kwetu antibiotiki zinauzwa kila kona, watu wanameza kwa mafua. Bakteria wanazizoea. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liligawa antibiotiki katika makundi matatu, na seftriaksoni ambayo tunachomwa kila siku iko katika kundi la dawa za kutumiwa kwa uangalifu. Mtoto huyo akipewa dawa nzito kila duru bila bakteria kuonekana, siku atakapoihitaji dawa hiyo kweli, itamkataa. Kwa nini wasihesabu kwanza nyutrofili? Zikiwa juu, mtoto angojee majibu. Zikiwa chini, apewe.

#5 Mtu wa Labo

Mwalimu, hesabu hiyo inafanywa na ni muhimu, ila tazama saa. Usiku, umeme umekatwa, jenereta inangojewa, fundi wa labo mmoja yuko kwenye benki ya damu. Hesabu itatoka baada ya saa ngapi? Anayejua tarehe ya shimio ya mwisho anaweza kukisia chembe ziko wapi kabla mashine haijawashwa. Dozi ya kwanza inaingia, hesabu inakuja, na kama ziko juu na mtoto ana nguvu, daktari anaweza kupunguza au kusimamisha.

Sasa kuhusu karatasi tupu ya #1. Hata katika nchi zenye labo kubwa, watoto hawa wakipata homa, bakteria huonekana kwenye damu kwa takriban 10 hadi 25 kati ya kila homa 100. Nyingine zote hutoka tupu. Sababu ni nyingi. Kwa mtoto tunachota mililita chache, na bakteria katika damu wanaweza kuwa wachache sana: ni kutafuta sambaza mmoja, yule samaki mdogo, kwa kuchota kikombe cha maji ya ziwa. Pengine mtoto alipewa kidonge cha amoksisilini nyumbani jana yake, bakteria hawaoti tena. Pengine chupa zilikaa bila joto la kutosha umeme ulipokatika. Na pengine kweli hakukuwa na bakteria.

Karatasi tupu haisemi kwamba dawa haikufanya kazi.

#6 Kijana wa Uvira

Wote mnazunguka, hakuna aliyetaja malaria. Sisi wa bondeni tunaijua. Mtoto aliyetiwa damu mara nyingi, anayelala wodi isiyo na neti, anapata homa, nanyi mnatafuta Klebsiella? Mimi kwa mpwa wangu walipima, malaria ikaonekana, akapewa atesuneti, homa ikashuka. Mwisho wa hadithi.

#7 Muuguzi wa Bagira

Kijana, malaria inapimwa kila mara, hujakosea hapo. Ila "mwisho wa hadithi" ndiyo inayotuua watoto. Kipimo cha haraka kinachotafuta protini ya kimelea kinaweza kubaki na mistari miwili, yaani kusema malaria ipo, wiki kadhaa baada ya mtoto kutibiwa malaria. Anayetaka uhakika apeleke damu kwenye darubini. Halafu malaria ikiwepo kweli, haimzuii bakteria kuwepo pamoja nayo. Kwa mtoto mwenye nyutrofili chini, malaria inatibiwa NA antibiotiki inaendelea, mpaka daktari aone njia. Hatuchagui moja.

#8 Mwana wa Kabare

Mimi nitasema ambacho wengi wanaficha. Homa inayorudi rudi na karatasi za labo zinatoka tupu, kwetu tunaijua. Kuna karuho. Kuna kilonda ntumbo. Ni magonjwa ambayo wazee wetu wanayatambua. Nyanya yangu alitibu watu, majani yanapondwa, yanapitishwa nyuma kwa bomba, mtoto anasafishika, homa inatoka. Hospitali na dawa za kienyeji zinaweza kusaidiana.

#9 Mama Ansima

Mwana wa Kabare, naheshimu nyanya yako. Lakini bomba hapana. HAPANA. Kwa mutoto wa ile ugonjwa hata termometa ya nyuma walitukataza, hata dawa ya kuweka nyuma. Ile ngozi ya ndani ni nyepesi, shimio imeikwangua, ukipitisha kitu unafungulia bakteria njia. Na vipande vya kugandisha damu viko kidogo, anavuya damu. Kwa wodi yetu kulikuwa mutoto familia yake ilimupigia bomba ya majani, na sitaki kuandika ile ilifuata.

#10 Muuguzi wa Bagira

Nakazia alichosema mama. Joto lipimwe kwapani. Nyuma kusipitishwe kitu chochote, kiwe cha hospitali au cha nyumbani. Na zile chale za wembe kifuani pia zisiguswe kipindi hicho.

#11 Mtu wa L'shi

Salamu kutoka Lubumbashi. Huku nako mjadala ni huo huo, sote tunavuka mipaka kutafuta tiba, nyinyi mnakwenda Rwanda, sisi Zambia.

Naongeza sababu ambayo hamjaitaja. Homa si lazima iwe vijidudu. Sitarabini, mojawapo ya dawa za shimio, yenyewe inaleta homa. Kutiwa damu kunaleta homa. Na leukemia yenyewe ikiwa bado haijashindwa inachemsha mwili. Kwa hiyo mimi naelekea kwa Mwalimu: inawezekana kabisa homa nyingi za mtoto wa #1 ni za dawa. Na nilisoma kwamba homa ya sitarabini inatambulikana kwa sababu inaanza papo hapo, basi isiwape hofu.

#12 Mwanafunzi wa Udaktari

Yaya wa L'shi, nusu ya maneno yako nayakubali. Sitarabini inaleta homa, ni kweli, mara nyingi ndani ya saa chache za kuiweka. Lakini hakuna kipimo kitakachokwambia usiku ule kwamba hii ni ya dawa na ile ni ya bakteria. Tena sitarabini ya dozi kubwa inajaza vidonda mdomoni, na kupitia vidonda hivyo bakteria wa mdomo waitwao streptokoki wanaingia kwenye damu na kuangusha presha vibaya. Dawa unayosema isitupe hofu ndiyo inayofungua mlango huo.

Homa ya mtoto wa #1 inakuja wiki moja na zaidi baada ya shimio. Hapo ndipo chembe ziko chini. Hailingani na homa ya dawa.

#13 Muzee wa Nguba

Wanangu, mnajibizana vizuri. Naomba niweke historia kidogo kwa sababu swali la kijana wa Kadutu liliulizwa zamani sana na watu wenye elimu.

Mwaka 1966 daktari Bodey na wenzake huko Marekani walihesabu chembe za wagonjwa wa leukemia na kuzilinganisha na maambukizi yao. Kadiri chembe zilivyoshuka, maambukizi yaliongezeka. Enzi hizo desturi ilikuwa kungoja bakteria aonekane ndipo mtu atibiwe, na walioshikwa na bakteria mkali aitwaye Pseudomonas walikuwa wanakufa kabla majibu hayajatoka. Mwaka 1971 Schimpff na wenzake wakatoa matokeo ya kutokungoja: homa ikipanda tu, antibiotiki mbili, kabenisilini na jentamisini. Vifo vikapungua. Desturi ya hospitali ya mpwa wako imetoka huko. Ililipiwa kwa watu waliongoja.

#14 Mwalimu wa Essence

Aksanti Muzee, hilo sikulijua. Nakubali kuanza mapema. Bado nauliza kumaliza. Lini dawa inasimamishwa? Nimeona mtoto homa imeshuka siku ya pili, bado anachomwa mpaka wiki mbili, familia inauza shamba.

#15 Mwanafunzi wa Udaktari

Hapo hata wakubwa hawaafikiani kabisa. Zamani walisema: usisimamishe mpaka nyutrofili zipande. Mwongozo wa kimataifa wa homa kwa watoto wa kansa, uliosahihishwa mwaka 2023, umelegeza: mtoto wa hatari ndogo, anayeonekana vizuri, damu haijaota kwa saa 48, hana homa kwa saa 24, anaweza kusimamishiwa dawa hata kama chembe hazijaanza kupanda. Wa hatari kubwa wanangojewa zaidi. Na homa ikipita saa 96 kwa wa hatari kubwa licha ya antibiotiki, wanafikiria kuvu na kuanza dawa ya kuvu.

Chile walikwenda mbele mapema. Santolaya na wenzake walitenga watoto wa hatari ndogo kwa vitu vinavyopimika: CRP (kipimo cha damu kinachopanda mwili ukiwa na maambukizi) isifike 90, chembe sahani, zile za kugandisha damu, zisiwe chini ya 50,000, presha nzuri, leukemia isiwe imerudi, na shimio iwe imepita zaidi ya siku 7. Mwaka 2004 wakaonyesha kwamba watoto kama hao wanaweza kutoka hospitali mapema na kumalizia dawa nyumbani.

#16 Muuguzi wa Bagira

Docta mdogo, Chile sawa. Lakini mtoto wa kule akichemka tena anarudi hospitali haraka. Mtoto wa kisiwa cha Idjwi anangoja boti. Mimi sitamrudisha Idjwi na vidonge saa 48 eti karatasi ya Chile imeruhusu. Hatari ndogo ya damu inaweza kuwa hatari kubwa ya barabara.

#17 Mwanafunzi wa Udaktari

Nakubali kuhusu barabara. Lakini kumweka wodini nako kuna hatari: vitanda viwili viwili, bakteria sugu wa hospitali wanapita mkono kwa mkono. Sijashawishika kwamba wiki mbili wodini ni salama kuliko siku tatu na chumba cha kupanga karibu na hospitali.

#18 Mwuza Dawa

Naingia kwa upande wangu wa farmasia.

Antibiotiki zinazopendekezwa ni zile zinazomfikia Pseudomonas: piperasilini-tazobaktamu, sefepimu, na meropenemu kwa walio taabani. Seftriaksoni peke yake haimshiki Pseudomonas. Ndiyo sababu palipo na hiyo tu wanaongeza jentamisini au amikasini. Hizo mbili zinagusa figo na masikio, hasa mtoto aliyekwisha kupewa dawa nyingine za figo, kwa hiyo maji na kipimo cha figo visisahauliwe. Seftriaksoni isichanganywe na seromu yenye kalsiamu kama Ringer katika mpira mmoja.

Wazazi, hili ni lenu: mtu akiwapa kloramfenikoli kwa sababu anadhani ni tifoide, kataeni na mtaje kansa. Dawa hiyo inakandamiza uboho ambao tayari umelala. Na Bactrim ambayo daktari amewaandikia kwa siku kadhaa za wiki ni ya kuzuia nimonia ya Pneumocystis. Haitibu homa hii. Msiongeze dozi yake wenyewe, maana inagombana pia na methotreksati, mojawapo ya dawa zake za kansa.

#19 Mkaaji wa Goma

Swali la pembeni. Mtu wa Labo ametaja sambaza. Mke wa kaka yangu amekatazwa kumpa mtoto chakula chochote kibichi, hata matunda. Sambaza za kukaanga je? Mtoto analia sambaza. Na tukubaliane kwamba za Goma ni tamu kuliko za Bukavu.

#20 Kijana wa Uvira

Goma na Bukavu mnagombania nini? Samaki huyo aliletwa Kivu mwaka 1959 kutoka Tanganyika. Mnakula mtoto wetu na hamjatulipa.

#21 Muuguzi wa Bagira

Samaki ameivishwa akaiva, ampe ale! Mtoto asiyekula anadhoofika. Tafiti zilizolinganisha chakula chenye masharti makali na chakula cha kawaida kilicho safi hazikuona tofauti ya maana katika maambukizi. Tunda lioshwe kwa maji safi, limenywe. Maji ya kunywa yachemshwe. Mikono kwa sabuni, na wageni wenye mafua wasalimie wakiwa mlangoni. Kuhusu utamu wa sambaza, mimi ni wa Bukavu, jibu langu mnalijua.

#22 Mjomba wa Kadutu

Nimesoma yote, na dada amesoma. Aksanti sana, hasa Mama Ansima. Amesema hatangoja.

Yamebaki mawili. Kuna kituo cha afya karibu na nyumbani, hospitali ni mbali na usiku barabara si salama. Je, dozi ya kwanza inaweza kutolewa kituoni? Na parasetamoli, atoe au asitoe?

#23 Muuguzi wa Bagira

Parasetamoli: apime joto kwanza, aandike na saa, apige simu. Asitoe ili "tuone kama itashuka". Itashuka, na bakteria ataendelea na kazi yake bila alama. Aspirini na ibuprofeni zisiguswe, damu itavuja.

Kituoni: kwa maoni yangu ndiyo, dozi moja ya seftriaksoni ya mshipa halafu safari. Lakini kituo hakitamchoma mtoto kwa maneno ya mama. Daktari wake aandike karatasi kwa Kifaransa, yenye muhuri: ugonjwa, tarehe ya shimio ya mwisho, uzito, dozi, mzio, namba ya kupiga, na kwamba homa ya 38 kwa mtoto huyu ni dharura. Ikae na kadi ya mtoto, na nakala iwe kwenye simu.

#24 Mwuza Dawa

Hapa natofautiana na Muuguzi. Vituo vingi wakikosa mshipa wa mtoto wanachoma kwenye paja. Mtoto mwenye chembe sahani chini anavimba damu ndani ya msuli, na hapo panaoza. Kama hawana mkono wa kupata mshipa, bora aende moja kwa moja.

#25 Mama Ansima

Na kama barabara imefungwa mpaka asubui? Paja inavimba, lakini mutoto anaishi. Mi ningechagua paja.

#26 Mtu wa Labo

Mimi naomba jambo moja kwa familia zitakazopitia kituoni. Ombeni hospitali iwape chupa ya kuoteshea damu muiweke nyumbani, muangalie tarehe yake. Muuguzi wa kituo akipata mshipa, achote damu kwanza, dakika mbili tu, ndipo aweke dawa. Chupa iliyokwisha kutiwa damu isiwekwe kwenye friji. Ikae joto la kawaida, muje nayo.

#27 Mwalimu wa Essence

Hospitali gani itatoa chupa iende nyumbani? Ninyi mnazihesabu moja moja. Lakini kama ipo, niandikie, maana bila chupa hizo hatutajua kamwe ni bakteria gani wanaozunguka Bukavu na dawa ipi bado inawaweza.

#28 Mtu wa Labo

Nitauliza kesho kwa mkuu wa labo yetu na kuandika jibu hapa. Wa Goma na L'shi, ulizeni na kwenu.